Wafu wa Mpako Mmoja: Safari ya Rangi, Shinyanga hadi Geita

Msafiri afikaye Shinyanga mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza, hulakiwa kwanza na rangi ya ardhi. Mazao yamekwisha kuondolewa shambani, majani yamekauka au yameliwa na ng'ombe, na nchi imebaki wazi mbele ya macho. Mwenyeji hatakuambia kwamba huu ni udongo tu. Wasukuma wana majina kwa kila aina yake. Ule mweusi wa bondeni, unatao kama gundi wakati wa masika na kupasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi, ni mbuga. Ule wa mchanga, wa rangi hafifu, unaopendwa na viazi vitamu, karanga na mihogo, ni luseni. Wa kijivu wenye chembechembe za chokaa, ambao pamba huukubali, ni ibushi. Na ule mwekundu ni kikungu. Mkulima hutazama rangi, akajua apande nini.

Lakini, ndugu msomaji, safari yangu haikuwa ya kilimo. Nilikwenda kutafuta wafu. Maana nyeusi, nyeupe na nyekundu, ambazo mkulima anazo chini ya miguu, ndizo hizo hizo ambazo kwa muda mrefu watu wa nchi hii walizitumia kuwapa sura wale ambao jicho haliwaoni: mababu, mizimu, na viumbe nusu mtu nusu mnyama.

Katika Usukuma kulikuwapo, na kwa kiasi fulani kungalipo, vyama vya watu wenye ujuzi maalumu. Banunguli ni wawindaji wa nungunungu. Bayeye ni wacheza na nyoka, ambao huwakamata, huwatibu watu walioumwa, na huwachanja wanachama wao dawa ya kujikinga. Watu wengi wa mijini wamewaona Bayeye katika sherehe, chatu shingoni, ngoma zikinguruma, wakadhani kazi yao ni kutumbuiza tu. Bayeye walikuwa pia na nyumba za mafunzo, na ndani ya nyumba hizo, kwenye kuta za udongo, walichora. Mwanafunzi aliyeingia chamani alifundishwa akizungukwa na picha: nyoka wa kila namna, waasisi wa chama waliokufa zamani, na watu wa maumbile ya ajabu ambao habari zao hakuruhusiwa kuzitoa nje.

Tunazijua picha hizo leo hasa kwa sababu ya mtu mmoja, Hans Cory. Alizaliwa Vienna kwa jina la Koritschoner, akaishi Tanganyika miaka mingi, akawa mtaalamu wa serikali ya kikoloni katika mambo ya mila na sheria za jadi. Mwaka 1953 alitoa kitabu chenye nakala za michoro hiyo ya Bayeye, na mwaka 1956 kingine juu ya vinyago vidogo vya udongo vitumiwavyo kufundishia vijana katika jando na unyago sehemu mbalimbali za nchi. Mtu aweza kuwa na maneno mengi juu ya afisa wa mkoloni anayeingia katika nyumba ya siri ya watu na kutoka na kitabu. Mimi ninayo pia. Hata hivyo lazima nikiri kwamba bila kazi yake tungebaki na masimulizi tu, kwa kuwa kuta zenyewe hazipo tena.

Ukuta wa udongo hauna maisha marefu. Mchwa huula, mvua huumega, na mwenye nyumba akifa mara nyingi nyumba huachwa ianguke. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu nyumba mpya ilijengwa na mchoraji alikuwapo. Kisha, katika operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976, familia nyingi za Shinyanga zilihama makazi yao ya zamani, na zilipojenga tena zilijenga kwa haraka. Baadaye likaja tofali la kuchoma, bati na saruji. Sisemi kwamba nyumba ya bati ni mbaya. Anayesema hivyo hajapata kulala chini ya paa la nyasi linalovuja. Nasema tu kwamba saruji hainywi rangi ya udongo.

Hapa yafaa nieleze jambo ambalo fundi yeyote wa rangi atalielewa. Ukuta wa udongo uliosiribwa na kulainishwa hunywa maji. Mchoraji akipitisha kidole chenye rangi, au kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa kama brashi, maji ya rangi huzama mara moja na unga wake hubaki juu. Hapo hapo mstari umekwisha. Hakuna kusahihisha wala mpako wa pili, kwa maana ukirudia utaufufua ule wa kwanza, nyeupe na nyekundu zichanganyike, na badala ya babu mwenye heshima upate doa. Kwa hiyo mchoraji wa aina hii huchora akiwa amekwisha kuiona picha nzima kichwani. Watu wengine hutazama nakala za michoro hiyo, mistari minene na maumbo mepesi, wakasema hii ni kazi ya kitoto. Hawakufahamu kwamba vifaa vyenyewe havikumruhusu mchoraji kusitasita.

Kutoka Shinyanga nilishika njia ya kusini-magharibi, kupitia Tinde na Isaka kwenda Kahama. Mwadui ya almasi, iliyovumbuliwa mwaka 1940 na Williamson, Mkanada, niliiacha nyuma yangu upande wa pili. Imekwisha kuandikwa sana. Kilichonivutia njiani ni miti.

Wasomaji wa makamo watakumbuka kwamba Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa la Tanzania. Jina hilo halikutokana na uvivu wa watu. Katika miaka ya 1920, Swynnerton, aliyeongoza vita dhidi ya mbung'o, aliweka kituo chake cha uchunguzi Shinyanga, na maelfu ya watu walikata na kuchoma vichaka ili mdudu huyo akose kivuli. Mbung'o walipungua. Ng'ombe wakaongezeka. Pamba nayo ikadai mashamba zaidi. Baada ya miaka hamsini mama wa Kisukuma alikuwa hana kuni. Alipikia mabua ya pamba, mabua ya mtama, na samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake, katika jiko lisilo na dirisha, si wa kusimuliwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofupishwa HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kuwarudisha watu kwenye desturi yao wenyewe ya ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi. Badala ya kupanda miche ya kigeni kila mahali, waliuacha mgunga uchipue wenyewe kutoka kwenye visiki. Malaki ya hekta yalirudi kuwa pori, na mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta, itolewayo chini ya Umoja wa Mataifa. Nawaomba wasomaji waweke akilini ule moshi wa samadi. Tutaurudia.

Kahama ni mji unaokua haraka. Mgodi wa Buzwagi uliokuwa pembeni mwake ulifungwa mwaka 2021, lakini biashara haikufa, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi bado yanapumzika hapo. Ndipo niliposikia tena kisa cha Nyangalata, ambacho wengi wetu tulikisoma magazetini na kukisahau.

Mwezi wa Oktoba 1915 ungekuwa umbali wa hadithi za mababu, lakini hiki kilitokea Oktoba 2015. Wachimbaji wadogo sita walifukiwa katika shimo la dhahabu huko Nyangalata, wilayani Kahama. Jitihada za kuwaokoa zilishindikana, zikaachwa. Siku zikapita, wiki zikapita. Siku ya 41 wakapatikana, na watano wakatolewa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amekufa humo humo. Walikuwa wamekula mizizi, vyura na mende, na kunywa maji yaliyotiririka shimoni. Hebu fikiri, ndugu msomaji, juu ya mtu aliyetoka juani siku ile: ngozi iliyofifia, mbavu zinazohesabika, vumbi la jiwe mwili mzima, macho yasiyostahimili mwanga. Katika nchi hii mtu wa namna hiyo ana jina lililomngojea tangu zamani, nalo ni msukule.

Wasomaji wa mwambao huenda wakahitaji maelezo. Katika imani ya watu wengi wa Kanda ya Ziwa, na si ya Wasukuma peke yao, mchawi aweza kumchukua mtu akaonekana amekufa. Jamaa wanalia, wanazika, kumbe walichozika ni mgomba au kitu kingine kilichogeuzwa sura. Mwenyewe yuko nyumbani kwa mchawi, amekatwa ulimi asiseme, analishwa pumba, na usiku anatolewa kwenda kulima shamba la bwana wake. Huyo si mzimu. Tofauti hii ni kubwa na haifai kuchanganywa. Babu aliyekufa akazikwa vizuri yuko mahali pake. Hutambikiwa, huombwa mvua na uzao, na ndiye Bayeye waliyemchora ukutani kwa heshima. Msukule ni mtu aliyenyang'anywa hata kifo chake, na katika michoro yote ya zamani niliyopata kuiona sijakuta hata mmoja aliyechorwa.

Mimi siamini kwamba misukule ipo. Lakini naamini kwamba hadithi hiyo ina maana. Tazama inavyosimuliwa machimboni: fulani ametajirika ghafula, majirani zake wamechimba duara miaka kumi bila kupata hata gramu, basi lazima ana watu wanaomchimbia usiku bila ujira. Ni namna ya kuuliza swali ambalo mtu mwenye jembe huliuliza siku zote: mali hii imetoka kwenye jasho la nani? Swali ni zuri. Ubaya ni kwamba jibu lake, kama tutakavyoona, humwangukia mtu asiye na mali yoyote.

Kutoka Kahama barabara huelekea kaskazini kupitia Kakola, uliko mgodi wa Bulyanhulu ulioanza kazi mwaka 2001, kisha Bukoli, halafu Geita. Udongo hubadilika. Luseni hupungua na wekundu huzidi, mpaka mibuyu yenyewe huonekana imevaa soksi. Katika kijiji kimoja kabla ya Bukoli gari letu liliharibika, na dereva akatuambia tukae kivulini. Hapo ndipo nilipowaona wafu niliokuwa nikiwatafuta, wamepangwa juu ya kipande cha bati.

Walikuwa urefu wa kidole cha shahada. Wavulana watatu wachungaji walikuwa wamewafinyanga kwa udongo wa kichuguu, ule ule ambao watoto wa Usukuma wamefinyangia ng'ombe tangu zamani. Ng'ombe walikuwapo pia, wenye nundu na pembe ndefu, lakini walikuwa wamesukumwa kando. Mbele walisimama misukule kumi na wanne, kila mmoja na jembe la kijiti.

"Shikamoo, babu," wakasema.

"Marahaba, wajukuu zangu. Hawa nani?"

"Misukule, babu. Hawana ulimi." Mkubwa wao akamwinua mmoja na kunionyesha. Kweli, mdomo ulikuwa tundu tupu.

Niliketi nikatazama kazi. Ndani ya kila kinyago waliweka bua jembamba ili kisivunjike kiunoni. Mbavu walizikwaruza kwa mwiba wa mgunga. Walivianika kivulini, si juani, kwa sababu jua la ghafula hupasua udongo. Vilipokauka walivipaka uji mwepesi wa jivu jeupe, wakaacha vikauke tena, vikawa vyeupe pepe kama mifupa. Kisha ikaja sehemu iliyonifanya nisogee karibu. Yule mkubwa alikuwa na maji ya udongo mwekundu katika kifuniko cha chupa, mepesi sana, karibu kama chai. Akachovya kijiti, akakigusisha begani mwa msukule mara moja tu, akaliacha tone lishuke lenyewe. Maji yale yakatafuta mashimo. Yakaingia kati ya mbavu, ndani ya matundu ya macho, chini ya kidevu, na mahali palipoinuka pakabaki peupe. Kwa mguso mmoja kile kidude kilipata kivuli, kikakonda, kikafa, kikasimama.

Nikanyosha mkono nichukue kijiti nami nijaribu. Akanizuia kwa adabu. "Usirudie mahali, babu. Ukirudia jivu linang'oka na mifupa inapotea."

Nilicheka kidogo, kwa sababu nilikumbuka jambo. Huko Nottingham, Uingereza, yako makao makuu ya kampuni iitwayo Games Workshop, iliyoanzishwa mwaka 1975, ambayo huuza vijisanamu vidogo vya plastiki vya michezo ya vita: mashujaa, majitu, na majeshi mazima ya mifupa na wafu watembeao. Wanunuzi wake, watu wazima wengi wao, hukaa mezani usiku na brashi nyembamba wakiwapaka rangi. Kwa kuwa jeshi la wafu laweza kuwa na askari mia, na kila askari alihitaji rangi ya chini, kivuli, na kisha kung'arishwa penye kuinuka, watu walichoka. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitoa aina ya rangi iitwayo Contrast. Kanuni yake ni hii: kisanamu hupakwa kwanza rangi nyepesi, karibu nyeupe, halafu hupitishiwa mpako mmoja wa rangi ya majimaji itiririkayo mashimoni na kuacha miinuko ikiwa hafifu. Mpako mmoja, kazi imekwisha. Makampuni mengine nayo yanauza rangi za namna hiyo. Ni kanuni ile ile ya kifuniko cha chupa na maji ya kikungu. Sidai kwamba mmoja amemwiga mwenzake. Maji hushuka bondeni Nottingham kama yanavyoshuka bondeni Bukoli.

Kinyago cha kumi na tano kilikuwa peke yake, kikubwa kidogo kuliko wenzake, kimevishwa kipande cha kitambaa. Huyu hakupakwa jivu ila usoni, na macho yake yalikuwa vitone viwili vya udongo mzito mwekundu.

"Na huyu?"

"Mwenye misukule."

"Mbona macho mekundu?"

Wakatazamana, kama watu walioulizwa mbona ng'ombe ana pembe. Mdogo wao akajibu, "Ndiye mchawi, babu. Mchawi ana macho mekundu."

Nyuma yetu, hatua chache, bibi mmoja alikuwa akichochea moto chini ya chungu cha michembe. Alikuwa nyanya wa yule mdogo. Nilikuwa nimekwisha kumwamkia nilipofika, na nilikuwa nimeyaona macho yake, kope zimevimba na weupe wote umekuwa wa rangi ya damu. Hakugeuka. Alisema tu, kwa Kiswahili cha polepole, "Ya kwangu ni ya moshi, mjukuu wangu. Samadi. Mama yako hajazaliwa mimi napikia samadi."

Mtoto hakusema neno. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akafuta macho ya kile kinyago. Nyekundu ikatoka, na jivu likatoka pamoja nayo, vikabaki vidoa viwili vya rangi ya kichuguu, kwa sababu, kama alivyonieleza kaka yake, rangi ile hairudiwi.

Ndugu msomaji, macho mekundu yameua watu. Kwa miongo kadhaa taarifa za polisi na za mashirika ya haki za binadamu zimeitaja mikoa ya Shinyanga, Mwanza, na baadaye Geita na Simiyu iliyoundwa mwaka 2012, kwa mauaji ya wanawake wazee walioitwa wachawi, na macho mekundu yametajwa mara kwa mara kuwa ndiyo ushahidi. Ushahidi gani huo? Mwanamke aliyekaa miaka hamsini mbele ya jiko la samadi, kwa sababu miti ilikatwa kabla hajazaliwa, atakuwa na macho ya rangi gani? Mchumi mmoja wa Kimarekani, Edward Miguel, alichunguza vijiji vya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, akachapisha matokeo mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji ya wanaodaiwa kuwa wachawi yaliongezeka maradufu, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao. Yaani chakula kikipungua, mwenye nguvu kidogo kuliko wote nyumbani hupatikana na hatia. Na kutoka mwaka 2007 na 2008 nchi nzima ilijua jinsi watu wenye ualbino walivyowindwa katika kanda hii hii, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu na samaki.

Mauaji yamepungua, na wapo waganga waliofungwa na wengine waliokana hadharani. Majiko sanifu yameingia katika nyumba nyingi, na kuni za ngitili zimepunguza samadi jikoni. Nadhani jiko lenye bomba la kutolea moshi limefanya kazi ambayo hotuba nyingi hazikuifanya. Mzazi anayesoma ukurasa huu mjini, mwenye mtoto anayechora au kufinyanga, anaweza kufanya jambo dogo: amwulize mtoto wake mchawi ana macho ya rangi gani, na asikilize jibu kabla ya kuendelea.

Gari lilitengenezwa jioni, tukaingia Geita usiku. Geita ni dhahabu. Mjerumani aliiona huko mwaka 1898, mgodi wa kwanza mkubwa ukafanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966, ukalala, na mgodi wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Mbali na mgodi huo mkubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko. Nilikwenda Nyarugusu asubuhi yake. Karasha zinasaga mawe mchana kutwa, na wanaume hutoka humo weupe toka nywele hadi kucha, macho na meno tu ndiyo yenye rangi yake. Hapo ndipo mahali ambapo mwezi Januari 2017 wachimbaji 15, mmoja wao Mchina, walitolewa wote hai baada ya kufukiwa siku tatu.

Kwenye mialo, mahali pa kuoshea dhahabu, hubaki tope la kijivu, laini kuliko unga wa sembe. Wenyewe huliita marudio. Niliona watoto wakilifinyanga, na kwa hakika halina mfano kwa kufinyanga: halipasuki, halishiki mkono, na hukauka likiwa na rangi hafifu inayopokea mpako mmoja vizuri mno. Basi ndilo lisiloguswa. Limechanganyika na zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa chembe za dhahabu. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu na figo, na mtoto humdhuru zaidi kuliko mtu mzima. Mji wa Minamata, Japani, ulipata maafa makubwa ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, na ndio uliotoa jina la mkataba wa kimataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza matumizi yake. Mama mmoja nilimwambia habari hii. Alinisikiliza, akawaita watoto, akawanawisha mikono. Kisha akaniuliza, na swali lilikuwa la haki, "Sasa sisi watu wazima tunaoshinda humo, baba, tunawe wapi?"

Kwa familia inayotaka kujaribu kazi hii nyumbani siku ya Jumapili, mahitaji ni machache. Tafuta udongo wa kichuguu au wa mfinyanzi, mbali na machimbo na mbali na gereji. Ukande na kuuacha usiku mmoja chini ya kitambaa kibichi. Finyanga, tia bua ndani, anika kivulini siku mbili au tatu. Kwa rangi ya chini tumia jivu jeupe lililochekechwa au unga wa chaki. Wale wavulana hawakutia gundi, ndiyo maana rangi yao ilitoka kwa mate. Ukitaka yako idumu, yeyusha utomvu wa mgunga katika maji ya uvuguvugu, au pika uji mwepesi wa muhogo, uchanganye kidogo katika jivu. Kwa mpako wa mwisho chukua udongo mwekundu au masizi ya sufuria, koroga na maji mengi, acha chenga zizame, kisha tumia maji ya juu tu. Gusa mara moja, juu ya bega au utosi, na uondoe mkono. Kama kinyago kimelowa mno, kigeuze kichwa chini, wekundu utarudi usoni. Rangi za mafuta za milango na magari msiwape watoto. Kuna zilizotiwa risasi, na risasi ni sumu.

Kurudi sikupita Kahama. Kutoka Geita nilikwenda Sengerema hadi Busisi. Wengi wetu tunakumbuka foleni ya kivuko pale, saa tatu, saa nne, muhogo wa kuchoma mkononi. Tangu Juni 2025 liko daraja lenye urefu wa kilometa tatu na zaidi, na mtu huvuka ghuba ya Mwanza kabla hajamaliza hadithi aliyokuwa akisimulia. Kutoka Mwanza mjini nilipanda gari la Kisesa, barabara ya Musoma, nikashuka kwa ajili ya Bujora.

Bujora ni makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, katika miaka ya 1960. Kuna nyumba iliyojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, kuna ngoma kubwa za watemi, na kuna habari za Bagika na Bagalu, wale wapinzani wakuu wa ngoma, ambao hadi leo hushindana kila mwezi Juni katika sikukuu ya Bulabo, wakileta nyoka, fisi na vinyago ili kuvuta watazamaji upande wao. Huko, kwenye kuta, rangi za kikungu, jivu na masizi zinaonekana tena, ijapokuwa nyingine sasa ni za dukani. Mwenye watoto na awapeleke mwezi huo. Magari ya Kisesa hayakosekani, na kutoka kituoni ni mwendo mfupi wa kupanda kilima. Avae viatu vya kutembelea juu ya mawe.